Mwanamke Asiachwe Kuzaa Peke Yake

Iko sentensi moja inayosemwa mara kwa mara katika sharika zetu za Usambara ambayo tungependa isisemwe tena. Husemwa kwa upole, na karibu kila mara na mtu mwenye nia njema. Mwanamke amejifungua usiku katika chumba cha leba bila mama yake, bila mume wake, bila dada wala jirani. Mambo yameharibika, au yamekwenda salama lakini yeye bado anatetemeka anapoyasimulia. Ndipo anaambiwa: "Hukuwa peke yako, mama. Mungu alikuwa nawe."

Sentensi hii ilienea sana katika miaka ya korona, 2020 na 2021. Leo barakoa zimetupwa na ndoo za maji tiririka zimerudi kunyweshea mbuzi, lakini sentensi imebaki. Na mlango uliofungwa kwa jina la korona, katika wodi nyingi tunazozijua, haujafunguliwa. Pengine ulikuwa umefungwa tangu zamani, na korona ilileta kufuli jipya tu.

Hatubishi kwamba Mungu alikuwapo. Tunachokibishia ni kazi ambayo sentensi hiyo inafanyishwa. Inafanyishwa kazi ya kumnyamazisha mwanamke asiulize ni nani aliyemzuia mama yake mzazi kuingia, na kwa sababu gani.

Tukumbuke mambo yalivyokuwa. Tarehe 16 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa, huko Arusha. Shule zikafungwa, vyuo vikafungwa, michezo ikasimamishwa. Nyumba za ibada hazikufungwa. Rais John Magufuli aliwataka waumini waendelee kusali, na kuanzia tarehe 17 hadi 19 Aprili taifa zima liliitwa katika siku tatu za maombi. Takwimu za mwisho za kipindi kile zilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21, kisha hesabu ikanyamaza. Amri ya kutotoka nje hatukuwa nayo. Jirani zetu walikuwa nayo: Kenya iliweka marufuku ya kutembea usiku tangu tarehe 27 Machi, hata daktari mmoja wa Nairobi, Jemimah Kariuki, akaanzisha huduma ya magari ya kuwachukua wajawazito usiku, na Uganda ilipozuia magari ya watu binafsi, mjamzito alitakiwa kwanza kupata kibali cha mkuu wa wilaya ili abebwe kwenda hospitali. Kwao kikwazo kilikuwa barabara. Kwetu barabara ilikuwa wazi. Gari la Lushoto kwenda Mombo lilishuka zile kona za Soni likiwa limejaza kama kawaida, soko liliuza, harusi zilifungwa, kwaya ziliimba bega kwa bega, na misiba ilijaa watu hadi migombani.

Hatuyasemi haya ili kuwahukumu viongozi wa wakati ule. Wengine wameandika habari zao, na wengine bado wataandika. Tunataka msomaji aone jambo moja tu. Katika wilaya ambayo watu mia tatu waliweza kukaa Jumapili kwenye mabenchi ya kanisa, mwanamke mwenye uchungu hakuruhusiwa mtu mmoja. Kama ilikuwa ni hofu ya ugonjwa, hofu hiyo ilichagua sana mahali pa kuingia.

Tunamjua mama mmoja wa mtaa wa milimani. Hatutataja mtaa wake wala hospitali alikopelekwa. Uchungu ulimshika mwezi Julai 2021, wakati ule wa ukungu na baridi ambapo wenyeji wa huku hutembea na blanketi mchana. Alifikishwa kwa bodaboda, mama yake akifuata kwa nyingine na fungu la khanga na chupa ya uji. Getini mlinzi alisema anaingia mgonjwa tu. Bibi akakaa ukutani, nje. Ndani kulikuwa na muuguzi mmoja na akina mama wanne. Muuguzi yule alikuwa anapambana na mwingine aliyekuwa akitokwa damu, basi binti huyu alipoita, akaambiwa asubiri. Mtoto hakusubiri. Alitoka bila mikono ya kumpokea, akalia kidogo, akanyamaza. Muuguzi alipofika, alimkuta mama naye anavuja damu, akamwokoa. Tunamshukuru Mungu kwa ajili ya muuguzi yule, na hakuna neno katika makala hii linalomlaumu yeye.

Siku ya tatu yake kulikuwa na ibada fupi nyumbani. Aliyeongoza akasema ile sentensi. Bibi, ambaye siku zote ni mtu wa maneno machache, akajibu akiwa amekaa pale pale kwenye mkeka: "Mwinjilisti, na mimi nilikuwa mlangoni. Uji ulikuwa bado wa moto."

Hakuna aliyemjibu. Tunaona kwamba kanisa lina wajibu wa kumjibu, na kwa kuwa hoja iliyotumika ilikuwa ya imani, jibu nalo lianzie kwenye imani.

Usiku ule wa Gethsemane, Yesu aliwachukua Petro na wana wawili wa Zebedayo, akawaambia roho yake ina huzuni kiasi cha kufa, akawaomba wakae pale wakeshe pamoja naye. Msomaji asome mwenyewe Mathayo 26. Kama yupo mtu ambaye tunaweza kusema Mungu alikuwa naye, ni Yeye. Alikuwa anazungumza na Baba yake usiku huo huo, hatua chache tu kutoka pale walipolala. Hata hivyo aliomba watu. Alirudi mara tatu kuwatazama. Wala Baba hakumwambia, "Mimi si natosha?" Kwa hiyo anayemwambia mwanamke wa Mlola au Mtae kwamba uwepo wa Mungu ulitosha, hata mtu asihitajike, anamtaka awe na imani kuliko ya Mwana wa Mungu.

Biblia yenyewe haimjui mwanamke anayezaa bila watu kama jambo la kawaida. Raheli alijifungua njiani, karibu na Efrathi, akafa; lakini hata njiani, kwenye msafara, mkunga alikuwapo na akamwambia asiogope. Mariamu alikwenda milimani kwa Elisabeti akakaa kama miezi mitatu, na Elisabeti alipojifungua, majirani na jamaa walifurahi pamoja naye. Lakini habari tunayoipenda kuliko zote katika jambo hili, ingawa ni ya majonzi, ni ya mkwe wa Eli katika 1 Samweli 4. Siku ile Israeli walipigwa, askari 30,000 walianguka, Sanduku la Agano lilitekwa, mji mzima ulikuwa unalia, kuhani mkuu alianguka akavunjika shingo. Ile ilikuwa hali ya hatari ya taifa kweli kweli. Mke wa Finehasi akashikwa na uchungu katikati ya kilio hicho. Na mwandishi anatuambia kwamba wanawake walikuwa wamesimama karibu naye, wakimtia moyo. Hawakuweza kumwokoa. Alikufa. Lakini taifa lilipokuwa linaanguka, hakuna aliyefikiri kuwaondoa wanawake wale kando ya kitanda chake.

Sisi ni Walutheri, basi tumwulize na Luther, maana yeye tauni aliijua kwa macho. Ilifika Wittenberg kiangazi cha mwaka 1527. Chuo kikuu kikahamishiwa Jena, na mtawala akamtaka Luther naye aondoke. Luther akabaki, pamoja na mchungaji mwenzake Bugenhagen, na nyumba yake ikageuka kuwa kama hospitali. Mkewe Katharina alikuwa mjamzito. Binti yao Elisabeth alizaliwa tarehe 10 Desemba mwaka huo. Na mke wa shemasi wa Wittenberg, Georg Rörer, aliugua tauni akiwa mjamzito, akazaa mtoto aliyekwisha kufa, kisha akafa yeye mwenyewe, mapema mwezi Novemba. Luther aliandika juu ya kifo hicho kwa marafiki zake akiwa na hofu kubwa kwa ajili ya Katharina.

Katika miezi hiyo hiyo aliandika kijitabu chake kuhusu swali kama Mkristo anaruhusiwa kuikimbia tauni, akiwajibu wachungaji wa Breslau. Wengi hukitaja, wachache hukisoma hadi mwisho, na katika miaka ya korona kilitumiwa na pande zote mbili. Waliokataa barakoa walikitaja. Waliotaka makanisa yafungwe walikitaja pia. Hoja yake ni nyepesi kueleza. Anawakemea wanaodharau dawa na tahadhari, akisema wanamjaribu Mungu. Yeye mwenyewe anakusudia kufukiza nyumba, kutumia dawa, na kuepuka mahali asipohitajika. Lakini jirani akimhitaji, ataenda. Kipimo chake ni kimoja: je, ninahitajika? Asiyehitajika akae mbali, hilo ni tendo la upendo. Anayehitajika akikaa mbali, anamwacha Kristo mwenyewe kitandani.

Sasa tumweke bibi yule wa ukutani kwenye kipimo hicho. Je, kwaya ilihitajika siku hiyo kuimba beti zote sita? Je, wageni mia nne walihitajika harusini? Bibi alihitajika. Usiku ule, katika wilaya nzima, hakuna mtu aliyehitajika mahali fulani kuliko yeye. Tulipanga tahadhari zetu kinyume na Luther: asiyehitajika aliruhusiwa, anayehitajika akazuiwa.

Hapa tuseme pia kwamba Luther si nabii katika kila alichoandika juu ya wanawake. Katika kitabu chake cha mwaka 1522 kuhusu ndoa aliandika kana kwamba mwanamke akichoka na kufa kwa kuzaa si neno, maana ndiyo kazi yake. Hapo hatumfuati. Ingawa ni katika kitabu hicho hicho anapomsifu baba anayefua nepi, akisema Mungu na malaika wanafurahi. Wanaume wa Usambara wanaopenda kumtaja Luther wangeanzia ukurasa huo.

Lipo jambo lingine la Kilutheri ambalo hatujasikia likisemwa. Katika kanisa letu, mtoto akiwa katika hatari ya kufa na mchungaji hayupo, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza. Tunawafundisha hivyo vijana wa kipaimara, tunawatahini, wanajibu vizuri. Maji kidogo na jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Bibi yule ni mshiriki wa Meza ya Bwana kwa miaka mingi kuliko umri wa baadhi yetu. Angeweza. Alikuwa umbali wa kuta mbili. Hatusemi kwamba mtoto amepotea, hasha. Luther mwaka 1542 aliandika maneno ya faraja kwa akina mama wa namna hii hasa, akifundisha kwamba kilio cha mama kwa ajili ya mtoto wake Mungu anakipokea kama sala, na tunalishika fundisho hilo kwa mikono miwili. Tunasema tu kwamba kanisa linalofundisha ubatizo wa dharura, kisha likakubali chumba ambacho dharura hutokea kisiwe na Mkristo hata mmoja aliye huru kunyoosha mkono, halijafikiri hadi mwisho.

Wengine watatuletea Mwanzo 3:16, kwamba uchungu ni sehemu ya mwanamke. Hawa tuwajibu haraka. Mistari mitatu baadaye mwanamume naye anapewa sehemu yake, miiba na jasho. Mbona hatumnyang'anyi mkulima wa Lukozi jembe lake? Mbona viazi tunavipigia dawa? Miiba tunaing'oa kwa bidii, tena tunaitana kwa kazi ya pamoja, na hakuna anayesema tunaipinga hukumu ya Mungu.

Tuache kidogo maandiko, tutazame yaliyopimwa. Chini ya milima yetu, katika wilaya za Korogwe na Muheza, watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara na Chuo Kikuu cha Columbia waliwauliza wanawake jinsi walivyotendewa walipojifungua. Mradi wao waliuita Staha, neno letu zuri ambalo siku hizi tunalitumia zaidi kwa mavazi. Wanawake walioulizwa wakiwa wanatoka kituoni, asilimia 19 walisema walitendewa vibaya kwa namna fulani: kutukanwa, kupigwa kofi, kuachwa bila huduma na mengineyo. Baadhi yao walipoulizwa tena baada ya wiki kadhaa, wakiwa nyumbani, ikawa asilimia 28. Tunaomba msomaji akae kidogo na tofauti hiyo. Ni wanawake wa kundi lile lile, na uzazi ni ule ule. Kilichobadilika ni mahali pa kusemea. Akiwa getini na kadi ya kliniki mkononi, akijua atarudi kwa chanjo ya mtoto, mwanamke husema yamekwenda vizuri. Akiwa kwake, na mama yake akipepeta mchele pembeni, husema kweli.

Hapo ndipo tunapoona sababu mojawapo ya mlango kufungwa, ambayo haiandikwi kwenye tangazo la ukutani. Msindikizaji hupangusa jasho, hukanda mgongo, hushika mkono, hunyesha uji, hukimbia kumwita muuguzi damu inapozidi. Lakini zaidi ya hayo yote, msindikizaji huona. Ni shahidi. Hospitali nyingi zinaweza kumvumilia mtu wa kubeba beseni. Mtu wa kuona ni mgumu kumvumilia. Tunajua neno hili litawauma wauguzi, ambao wengi wao ni washarika wetu na wanafanya kazi ya watu watatu kwa mshahara wa mmoja. Tunawaambia kwamba shahidi huyo ni wao pia. Muuguzi aliyekuwa peke yake na akina mama wanne angemhitaji mtu wa kusema baadaye, mbele ya ndugu na mbele ya uongozi, kwamba alikimbia huku na huku usiku kucha na hakukaa. Sasa hana mtu. Anabaki analaumiwa vijiweni na watu ambao hawakuona lolote.

Na kwamba mwenzi anasaidia, hilo si la kubahatisha tena. Mapitio yaliyotolewa mwaka 2017 yaliunganisha tafiti 26 kutoka nchi 17, zenye wanawake zaidi ya 15,000. Waliokuwa na mtu wa kukaa nao mfululizo walijifungua kwa njia ya kawaida zaidi, uchungu wao ulikuwa mfupi zaidi, upasuaji ulipungua. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kupendekeza kwamba kila mwanamke awe na mtu anayemchagua mwenyewe, na korona ilipokuja halikulifuta pendekezo hilo. Lilisisitiza kwamba linawahusu hata wanawake walioambukizwa. Hospitali kadhaa kubwa za New York zilipowafukuza waume kutoka leba mwezi Machi 2020, wakati mji ule ukizika watu kwa mamia, gavana alitoa amri ya kuwarudisha kabla mwezi haujaisha. New York! Na kama mtu atasema hayo ni ya Wazungu, basi aende Kigoma. Huko, kati ya mwaka 2016 na 2018, vituo tisa vya serikali viliruhusu wanawake kuja na msindikizaji wa kuwachagua wenyewe hadi ndani ya leba. Wauguzi wa vituo hivyo hawakusema wameingiliwa. Wengi walisema wamesaidiwa.

Yapo maneno mawili ya upande wa pili ambayo tunayaheshimu. La kwanza ni nafasi. Chumba kimoja, vitanda vitatu, hakuna pazia; akiingia mama wa huyu, atamwona uchi yule. Ni kweli. Lakini hiyo ni hoja ya kununua pazia. La pili ni mila. Wazee wa Kisambaa watasema kuzaa ni siri ya wanawake na mwanamume hana nafasi pale. Hatukusudii kupigana nao leo. Anayetaka mume wake, na mume akakubali, apewe, asiyetaka, asilazimishwe. Lakini mila hiyo hiyo haikumwacha mwanamke na siri peke yake. Ilimzungushia wanawake. Mama, shangazi, mkwe, jirani aliyezaa mara saba na hajafiwa na hata mmoja. Mila inapotumiwa kumtoa mume, kisha hospitali ikamtoa na mama, anayebaki ndani ni nani?

Na hapa kanisa na serikali wanadaiwa neno na wanawake wetu. Kwa miaka mingi walihubiriwa waache kuzalia nyumbani. Mahali pengine viliwekwa na faini. Walisikia: mwaka 2015 na 2016 utafiti wa taifa ulikuta asilimia 63 ya uzazi ikitokea katika vituo vya afya, na mwaka 2022 ikawa asilimia 81. Vifo vya akina mama vilishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Hakuna anayeombea turudi nyuma, na sisi tutakuwa wa mwisho kumwambia mwanamke akazalie jikoni. Lakini alichokiacha nyumbani hakikuwa hatari peke yake. Aliacha na watu. Hakuna aliyemwambia kwamba bei ya kupata mkunga mwenye ujuzi ni kumpoteza mama yake kwa saa kumi na mbili. Aliyeunganisha mambo hayo mawili ni nani? Katika hali ya kawaida mtu anaweza kuwa na vyote.

Pale Irente, mwendo mfupi kutoka Lushoto mjini, masista wetu wamelea kwa miongo mingi watoto wachanga ambao wengi wao mama zao walikufa katika uzazi. Ni kazi takatifu, na wageni kutoka Ulaya hupenda kupiga picha pale. Hatudai kwamba kila mmoja wa akina mama wale angepona kwa kushikwa mkono. Tunauliza tu kwa nini kanisa lina moyo mkubwa hivyo kwa mtoto aliyekwisha kufiwa, na moyo mdogo hivyo kwa mama ambaye bado anapumua.

Basi wodi za kanisa zianze. Zisisubiri waraka wa wizara. Zianze na kila mama kuulizwa kliniki, mwezi wa saba wa mimba, ni nani atakayekuja naye, na jina hilo liandikwe kwenye kadi. Umoja wa Wanawake wa kila usharika uwe na orodha ya wanawake walio tayari kuitwa usiku kwa ajili ya yule asiye na mtu: binti aliyefukuzwa kwao, mfanyakazi wa ndani aliyetoka mbali, mjane. Hao hufundishwa kunawa, kuvaa barakoa, kukaa upande wa kichwa cha kitanda, kunyamaza muuguzi anaposema, na kusema muuguzi asiposikia. Mafunzo ya namna hiyo hayazidi siku mbili.

Mtu asituambie kwamba magonjwa yameisha. Marburg ilitangazwa Kagera mwezi Machi 2023, na tena Biharamulo mwezi Januari 2025, na huo ni ugonjwa wa damu na majimaji ya mwili, mkali kuliko korona. Siku ukifika Tanga, hatutasema bibi aingie na khanga zake tu. Atavishwa kama muuguzi anavyovishwa, au ataingia mwanamke aliyefundishwa badala yake, au angalau atawekewa dirisha la kioo na simu. Lakini hayo hupangwa kabla. Yasipopangwa, itakuwa tena mlinzi wa getini anayeamua theolojia yetu.

Kamati za fedha za sharika zitakaa kabla mwaka haujaisha. Mwaka uliopita tulisoma makisio ya sharika kadhaa, na karibu kila moja ilikuwa na mstari wa kinanda au wa spika. Fremu ya chuma ya pazia ni kazi ya nusu siku kwa fundi wa kuchomelea pale Soni, na vitambaa vinashonwa sokoni Lushoto. Wodi ya vitanda vitatu inahitaji fremu mbili na viti vitatu vya plastiki. Tunaomba mstari huo uandikwe juu ya mstari wa spika.